Mwongozo Kamili: Kuwavuta Chozi Uani na Kumsaidia Kinda Aliyeanguka

Maswali yanayonifikia kuhusu ndege wa uani yanazunguka mambo mawili. La kwanza ni la mtu aliyetundika chupa nyekundu ya maji ya sukari barazani, akafuata video mwanzo hadi mwisho, na wiki zinapita. Wanaokuja ni sisimizi na nyuki. La pili linauma zaidi: mtu kaokota kinda chini ya mwembe, kamweka kwenye boksi, kampa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na asubuhi kamkuta amekufa.

Kosa ni moja katika yote mawili. Mtu anaanza kumpa ndege kitu kabla ya kumtazama ndege mwenyewe.

Wale ndege wa kwenye video, waitwao hummingbird kwa Kiingereza, wanaoganda hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma, ni wa bara la Amerika tu. Porini Afrika hayupo hata mmoja. Huku kwetu kazi ya kunywa mbochi, yaani ule utamu wa majimaji ulio ndani ya ua, hufanywa na chozi, ndege wa ukoo mwingine kabisa. Chozi hupenda kutua. Anaweza kupigapiga mabawa hewani kwa sekunde chache, lakini akipata pa kushika atashika kwanza, ndipo anywe. Chupa iliyobuniwa kwa ndege asiyehitaji kutua haimfai.

Ukiwa unasoma haya kutoka Minnesota au Texas, chupa yako itafanya kazi huko uliko. Sehemu ya makinda inakuhusu vilevile, nawe ujue kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama hairuhusu mtu wa kawaida kuweka ndege wa porini nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa kutazama:

- Daftari na kalamu. Simu inatosha kwa picha.
- Darubini, ukiweza. Iliyoandikwa 8x42 inafaa sana: inakuza mara nane na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42. Kabla ya kulipa, jaribu kutazama kitu kilicho mita mbili au tatu kutoka ulipo. Chozi hukaribia sana, na darubini isiyoona karibu itakukera.
- Miche ya maua ya aina tatu au nne (nitaitaja hapa chini).
- Sahani pana ya udongo isiyo na kina, na mpira wa maji wenye kichwa cha kunyunyizia.

Kwa makinda:

- Kikapu kidogo, au kopo la plastiki ulilotoboa matundu chini.
- Kamba laini ya katani na nyasi kavu.
- Boksi la viatu lenye matundu ya hewa, na kitambaa cha pamba kisichochomoka nyuzi. Uzi ukijizungusha kwenye mguu wa kinda unakata damu.
- Chupa ndogo ya plastiki ya kutia maji ya uvuguvugu.
- Namba ya daktari wa mifugo aliye karibu. Mpigie leo umuulize kama anatibu ndege. Wengi wanajua kuku tu, na hilo ni heri kulijua mapema kuliko Jumapili jioni ukiwa na ndege mkononi.

Usinunue rangi ya chakula, asali ya ndege, wala dawa ya kupulizia wadudu.

## Hatua ya 1: Tazama nani tayari anakuja

Keti na chai yako mahali pamoja, mita nne au tano kutoka kwenye maua yoyote uliyonayo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Rudia jioni jua linapopoa. Fanya hivyo kwa siku kadhaa bila kubadilisha kitu.

Sababu ni kwamba chozi ana ratiba. Hupita maua yale yale kwa mzunguko, na ukishajua njia yake utajua pa kupanda na tawi la kuacha. Watu wengi huanza kwa kukata kichaka ambacho ndege alikuwa akikitumia kila siku.

Dume ni rahisi kumtambua. Chozi kifua-chekundu, anayeonekana sana kwenye bustani za Kampala na Nairobi, ana mwili mweusi wa kahawia, kifua chekundu, na kijani kinachong'aa juu ya paji. Pwani utakutana zaidi na mdogo mwenye utepe wa zambarau kifuani na tumbo jeusi, au yule wa kijani mgongoni na manjano tumboni ambaye mdomo wake ni mfupi. Maeneo ya juu, kama Limuru na miteremko ya Meru, yupo wa rangi ya shaba mwenye manyoya mawili marefu mkiani. Wasomaji wa Pemba mna bahati ya peke yenu: mna chozi wenu ambaye hapatikani Unguja wala bara.

Jike ndiye anayewapotosha watu. Ana rangi ya kahawia au kijivu-kijani isiyo na mng'ao, na hudhaniwa ni ndege mwingine kabisa. Tazama mdomo: ni mwembamba na umepinda kwenda chini. Huyo ndiye utakayemhitaji baadaye, kwa sababu ndiye anayejenga kiota.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema bila kuangalia daftari: dume huyu hutua tawi lile, huja saa hii, hunywa ua hili.

## Hatua ya 2: Panda chakula

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayoleta ndege. Ukiruka zote, usiruke hii.

Unachotafuta ni maua yenye umbo la bomba, yenye mbochi mwingi, na yenye shina au tawi gumu la kushikia. Rangi nyekundu na ya chungwa husaidia ndege kuona kwa mbali, lakini ua jekundu lisilo na mbochi ni pambo tu.

Mshubiri. Wa kwanza kwenye orodha yangu. Shina la maua yake ni gumu kiasi cha kumbeba chozi, na mishubiri mingi huchanua wakati wa ukame ambapo maua mengine yamekauka. Nunua kwenye kitalu, usichimbe porini; karibu aina zote za mshubiri wa porini biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Leonotisi. Ule mmea mrefu wenye mafundo ya maua ya chungwa yaliyozunguka shina, fundo juu ya fundo. Huota hata jalalani. Kusanya mbegu zilizokauka, tawanya mvua zinapoanza, ukae pembeni. Mikono yako itachomwa na vile vifundo, vaa glavu.

Tekoma. Ile ya chungwa inayopandwa kama uzio Nairobi na Arusha. Usiikate kila mwezi kwa mkasi wa bustani hadi iwe bapa, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi na fundi wako anazitupa zote.

Haibiskasi, mkomamanga, mlonge. Yote hutembelewa. Kwenye haibiskasi usishangae kuona chozi akitoboa ua kwa chini badala ya kuingia mlangoni. Ua ni refu kuliko mdomo wake, basi anaiba.

Miti mikubwa, kama una nafasi: mwambangoma wenye miiba na maua mekundu, au kibobakasi. Pima kwanza umbali na paa la nyumba. Kibobakasi ana matawi mepesi yanayovunjika kwa upepo.

Mgomba. Ua lake lina mbochi wa kutosha kumlisha chozi asubuhi nzima, kwa hiyo Dar au Tanga ukiliacha likining'inia baada ya ndizi kushika, umewapa ndege karamu. Lakini kama uko Kagera, Uganda, Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo, usifanye hivyo. Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001, huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua hilo la dume. Wakulima huambiwa waling'oe kwa kijiti chenye panda mara tu chane la mwisho linapojitokeza, na ushauri huo ni sahihi. Panda mishubiri, mgomba uuache ubaki mgomba.

Panda kwa makundi mawili au matatu yaliyo mbali, si yote pamoja. Dume mmoja akipata kichaka kizuri hukilinda na kuwafukuza wengine siku nzima. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha kazi yao kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu nchini Kenya, waliokuwa wakigombania leonotisi. Walionyesha kwamba ndege hulinda maua pale tu ambapo faida ya mbochi inazidi nguvu anayoitumia kufukuza. Maua yakitawanyika pande mbili za nyumba, mlinzi hawezi kuwa kote, na jike na vijana nao wanapata kula.

Onyo: usipulizie dawa ya wadudu. Chozi mkubwa hunywa mbochi, lakini makinda hulishwa hasa wadudu wadogo na buibui. Ukiua viwavi na vidukari wote, umefunga jiko la makinda. Vidukari vikizidi, vioshe kwa maji ya mpira.

Umefaulu ikiwa msimu wa kwanza wa maua unapita na chozi anarudi kila siku bila wewe kuweka sukari popote.

## Hatua ya 3: Maji, pa kutua, na utando wa buibui

Chozi haogi sana kwenye beseni. Hupenda kujisugua kwenye majani yaliyolowa. Nyunyizia kichaka chenye majani mapana asubuhi, sogea kando, ungoje. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kumwona kwa karibu, na haigharimu kitu.

Sahani ya udongo iwe na maji ya kina cha sentimita mbili hivi, na jiwe katikati. Mwaga na ujaze upya kila siku, vinginevyo unafuga mbu.

Acha vijiti vikavu viwili vitatu juu ya kichaka. Dume huimba akiwa hapo, nawe utampiga picha hapo.

Utando wa buibui ulio chini ya paa na kwenye uzio, uache. Najua itakuwa kazi kumweleza anayefagia, lakini jike huutumia kushikanisha nyasi, majani makavu na magome ya kiota chake. Uani palipofagiliwa kila utando hapajengwi.

## Hatua ya 4: Maji ya sukari, kama bado unayataka

Mimi siyapendi. Mtu akisafiri siku tatu, chupa inachacha juani na ndege anakunywa uchafu. Lakini mwenye roshani ya ghorofa ya nne hana pa kupanda mgomba, basi hivi ndivyo inavyofanywa.

1. Pima sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji. Kijiko kikubwa kimoja kwa vijiko vinne kinatosha kuanzia.
2. Pasha hadi sukari iyeyuke, acha ipoe kabisa.
3. Tumia kichupa kidogo chenye mfuniko uliotobolewa tundu la milimita tatu au nne. Kifunge kikiwa kimelala kidogo kwenye tawi au kijiti, ili chozi ashike kijiti na afikie tundu bila kuruka. Kijiti hiki ndicho kinachokosekana kwenye chupa za video.
4. Zungushia utepe mwekundu mdomoni mwa kichupa. Maji yenyewe yabaki meupe.
5. Kiweke kivulini, karibu na ua ambalo tayari hutembelewa.
6. Dar, Mombasa au Muscat mwaga kila siku. Nyanda za juu, kila baada ya siku mbili. Osha kwa maji ya moto na brashi.

Usitumie asali, sukari guru, sukari ya kahawia wala vitamu vya kisukari. Asali huota ukungu na kuchacha upesi. Sukari isiyosafishwa ina madini ya chuma kupita anayoyahitaji ndege. Vitamu vya bandia havina nguvu yoyote, na ndege hujaza tumbo akabaki na njaa.

Sisimizi wazuie kwa kikombe kidogo cha maji kinachoning'inia juu ya kichupa, kamba ikipita katikati yake. Usipake grisi wala mafuta kwenye kamba. Yakigusa manyoya hayatoki.

## Hatua ya 5: Ondoa hatari

Dume akiona sura yake kwenye kioo cha pembeni cha gari hudhani ni mpinzani, na atakipiga hadi achoke. Jirani yangu huvisha vioo vyake soksi kila anapoegesha. Inachekesha, na inafanya kazi. Dirisha kubwa linaloakisi miti lifungie pazia jepesi kwa nje au libandike vipande vya karatasi vilivyokaribiana, kwani ndege hujirusha humo akidhani ni mwanga wa bustani.

Paka afungiwe ndani asubuhi na jioni kipindi cha makinda. Kengele shingoni haimsaidii kinda asiyeweza kuruka.

Kwa watu wa pwani kuna kunguru. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zote zimejaa. Hupekua viota na kula mayai na makinda. Huwezi kumaliza kunguru wa mtaa, lakini unaweza kufunika pipa la taka na kuacha kumwaga mabaki ya chakula uani. Penye shibe ndipo anapozoea.

## Hatua ya 6: Kitafute kiota bila kukiua

Kiota cha chozi hakifanani na kiota. Ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango uko ubavuni, mara nyingi na kibaraza kidogo juu yake, na takataka za majani zikining'inia chini kama soksi iliyochakaa. Watu hukitoa wakidhani ni uchafu wa upepo.

Mfuate jike kwa macho. Akiwa na nyasi au utando mdomoni, anajenga. Akiingia na kukaa muda mrefu, analalia. Akija na mdudu mdomoni kila baada ya dakika chache, kuna makinda. Mayai kwa kawaida ni mawili, hulaliwa na jike kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili hadi tatu. Andika tarehe.

Kaa mita saba au zaidi, tazama kwa darubini. Usisogeze tawi ili upate picha nzuri, maana jani uliloliondoa ndilo lililokuwa linaficha mlango na kuzuia jua la saa sita. Usiende mara nyingi kwa njia moja hadi pawe na kijia, kwa sababu paka naye hufuata vijia.

Jambo moja la ajabu unaloweza kuliona: chozi mdogo akimlisha kinda mkubwa kuliko yeye. Huyo ni mtoto wa kekeo, ndege ambaye hutaga yai lake ndani ya kiota cha chozi na kuondoka. Inaudhi kutazama. Usimtoe.

Umefaulu ikiwa jike anaingia na kutoka huku wewe umekaa, bila kusita wala kupiga kelele za kukushtua.

## Hatua ya 7: Umekuta kinda chini. Simama kwanza

Watoe watoto na wanyama hapo. Kisha tazama kitu kimoja tu: manyoya.

Ana manyoya mwilini, mkia mfupi, anaruka-ruka au kushika kidole. Huyu hajaanguka, ametoka. Ndege wengi huondoka kiotani kabla ya kujua kuruka vizuri, na wazazi huendelea kumlisha chini au kichakani. Kumwokota ni kumnyang'anya wazazi wake. Kama yuko barabarani au mbele ya paka, mhamishie kwenye kichaka kilicho karibu, kisha ondoka.

Yu uchi, au ana vimanyoya vya hapa na pale, macho yamefumba. Huyu anahitaji kurudishwa kiotani. Nenda hatua ya 8.

Ana damu, bawa limelegea upande mmoja, ameng'atwa na paka, au inzi wameanza kutaga juu yake. Nenda hatua ya 9.

Wazee wengi walituambia mama akinusa mkono wa mtu humkataa mwanawe. Si kweli. Ndege hamtambui mtoto wake kwa harufu ya vidole vyako. Kinachomfukuza mama ni wewe kusimama hapo hapo ukimsubiri arudi.

Teleka, yule anayefanana na mbayuwayu lakini mwenye mabawa marefu na miguu mifupi mno, ni kisa cha peke yake. Aliyekomaa akianguka kwenye ardhi bapa huweza kushindwa kuinuka ingawa hana jeraha. Mweke kwenye kiganja kilichonyooshwa, mahali pa wazi, ungoje aruke mwenyewe. Usimrushe juu.

## Hatua ya 8: Kumrudisha kinda uchi

Mpashe joto kwanza. Kinda aliyepoa hawezi kufungua mdomo, na asiyefungua mdomo halishwi. Mfumbate kwenye viganja viwili hadi mwili wake uwe na joto na aanze kujinyoosha.

Mrudishe kiotani. Kama kiota kipo na unakifikia, mtie mlangoni taratibu, kichwa kikitangulia, utoe mkono.

Kiota kimeanguka kizima? Kifunge kwa kamba ya katani kwenye tawi lile lile, au lililo karibu lisilozidi mita mbili kutoka hapo. Urefu kutoka ardhini uwe ule ule, mlango utazame upande ule ule, na kibaraza kiwe juu. Watu hukosea hapa: hukitundika upande mwingine wa nyumba kwa sababu pana kivuli kizuri, na mama anaendelea kurudi pale pa zamani akiwa na mdudu mdomoni.

Kiota kimechanika? Weka nyasi kavu kwenye kikapu au kopo lenye matundu, tia mabaki ya kiota ndani, kisha makinda. Kina kisizidi sentimita nane, la sivyo mama hawafikii. Funga imara, kivulini. Usitumie nyasi mbichi. Hufanya unyevu na kuwapoza.

Ondoka. Ingia ndani, tazama kutoka dirishani kwa muda wa saa mbili. Jike huja na kuondoka ndani ya sekunde, kwa hiyo ukichungulia simu utasema hajaja.

Umefaulu ikiwa unamwona mzazi akiingia na chakula walau mara moja na kurudi tena. Usipande kuhakikisha.

Saa mbili zikipita, hakuna mzazi aliyekuja, na makinda wanazidi kupoa, fuata hatua inayofuata.

## Hatua ya 9: Aliyeumia

Kazi yako ni usafiri, si matibabu.

Mweke kwenye boksi la viatu juu ya kitambaa, lifunge, liweke mahali pa giza na kimya. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa ikae upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Kisha piga simu kwa daktari.

Aliyeng'atwa na paka apelekwe siku hiyo hiyo hata kama huoni jeraha. Meno ya paka ni membamba, tundu hujificha chini ya manyoya, na bakteria wa mate yake huua ndege upesi.

Usimtie maji mdomoni. Tundu la hewa la ndege liko nyuma tu ya ulimi wake. Tone ulilomdondoshea kwa huruma linaingia mapafuni.

Usimpe maziwa, mkate, uji wala wali. Tumbo la ndege haliwezi kusaga sukari ya maziwa, na mkate huvimba ndani yake. Hata chakula sahihi hutofautiana: kinda wa chozi hutaka wadudu, wa njiwa hafungui mdomo wake kabisa bali huingiza mdomo ndani ya ule wa mzazi kunywa ute mzito unaotengenezwa kooni. Bila kujua ni ndege gani, unakisia, na kinda hana akiba ya nguvu ya kuvumilia kukisia kwako.

Kumweka awe wako ni kosa la kisheria pia. Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya kuna ya mwaka 2013. Zote zinadai kibali kwa anayeshika mnyama wa porini. Daktari akikosekana, piga simu TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kwa Tanzania au KWS (shirika la wanyamapori) kwa Kenya, ueleze umemkuta wapi na lini. Wakazi wa Nairobi wanaweza pia kuwauliza watu wa Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, ambao hutembea kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi.

Osha mikono kwa sabuni kila umshikapo. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja bila sababu, usiwaguse. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo.

## Hatua ya 10: Siku wanapotoka

Utawasikia kabla ya kuwaona, wakilia sauti nyembamba isiyokoma kutoka matawi mawili tofauti huku jike akihangaika katikati. Siku hiyo na chache zinazofuata mbwa afungwe, majani yasikatwe, na wageni wenye kamera waambiwe wasubiri.

Kiota usikitoe. Makinda wa chozi wanaweza kurudi kulala humo usiku kwa muda baada ya kuruka, na jike huweza kukikarabati na kutaga tena msimu huo huo. Tawi kama ni lazima likatwe, tazama kiota asubuhi na magharibi kwa wiki mbili. Ukiona hakuna anayeingia, kata.